Kitufe cha Endelea

Bi Hadia kapiga simu kutoka Konde, saa mbili na robo asubuhi:
"Mwalimu, kitufe chako kimenigomea.
Kipimajoto nimekifungua, barafu nimeifungua,
kifuniko nimekifungua, picha zote tatu, moja moja,
na bado chaniambia *Hujamaliza*.
Mie nachanja watoto wa Konde mwaka wa kumi na tisa huu.
Leo nambiwe na kitufe sijamaliza?"

Nikacheka.
Kisha nikajaribu mwenyewe, na kicheko kikaisha.

Limbani, chumba cha juu ya duka la saruji,
feni inazunguka kama iliyolazimishwa.
Nikafungua slaidi ya saba.
Sharti limekaa pale, limetulia, halina kovu:
ikiwa kipimajoto ni kweli
na barafu ni kweli
na kifuniko ni kweli,
basi Endelea kiwake.
Nikalisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari,
kama nilivyosomeshwa chuoni na bakora ikinitazama.

Nikamshuku *na*. Nikamtoa, nikamweka *au*.
Kikawaka papo hapo!
Kikamwakia kila mtu, hata aliyegusa picha moja akachoka.
*Au* ana mlango usio komeo;
chanjo iliyolala kwenye joto la nyuzi kumi na nne
ingepita hapo ikipunga mkono.
Nikamrudisha *na* kwa heshima zake.

Nikashuku tahajia.
Barafu kwa herufi kubwa, barafu kwa herufi ndogo,
kwetu ni baridi ile ile,
kwa mashine ni watu wawili wasioamkiana.
Majina yalilingana.
Nikazima, nikawasha. Nikapiga bismillahi, nikabonyeza.
*Hujamaliza.*

Saa nne umeme ukaenda zake.
Betri asilimia thelathini na moja.

Nikakaa nawaza masharti tuliyonyonya na maziwa.
Ukija, tutakula: hapo mchele unachaguliwa.
Ungekuja, tungekula: hapo mtu anatazama njia.
Ungalikuja, tungalikula: sufuria imeshaoshwa, imefunikwa.
Mashine haina *nge*, haina *ngali*.
Haijui huenda, haijui inshallah.
Ina *ki* peke yake, na nyuma ya *ki*
kweli, au uongo,
na uongo wake hauna hata haya.

Chini, dukani, Shaame anamfokea mchukuzi:
"Mfuko umeutoa kabla sijauandika!
Umeshafika Bopwe nao, mie daftarini niandike nini? Upepo?"

Nikainuka kitini.
Siku nzima nimekibana kitufe, nacho ni karani tu:
husoma kilichoandikwa.
Nikaziendea picha.
Kipimajoto: andika kweli, kisha rudi mwanzo.
Kifuniko: andika kweli, kisha rudi mwanzo.
Barafu:
rudi mwanzo,
kisha andika kweli.

Nani aandike, na mwandishi keshatoka?
Amri ya pili ilibaki imesimama kwenye slaidi tupu,
kalamu mkononi, wiki tatu.
Barafu niliitengeneza ya mwisho,
usiku ambao Zuwena alikuwa na homa
na mie mkono mmoja kwenye panya, mmoja kwenye paji lake.
Nikazibadilisha mistari miwili, wa chini juu, wa juu chini.
Kazi ya sekunde nne. Sikumwambia mtu.

"Jaribu sasa, Bi Hadia."
Nikasikia mtoto akilia kwa mbali, kilio cha sindano,
nikasikia kucha yake kwenye kioo: ta, ta, ta.
"Kimewaka."
Nikashusha pumzi.
"Ila mwalimu, hii picha ya barafu,
umeichora imelala juu ya chupa, ngozi kwa ngozi.
Chanjo nyengine ikiganda, imekufa.
Hilo kitufe chako mbona hakiniulizi?"

Betri asilimia tisa.
Nikatafuta penseli.