Ratiba ya Jikoni, Wiki ya Pili

Nimeibandika kwenye mlango wa friji
kwa sumaku ya benki iliyonifungia akaunti.
Mistari saba, safu tatu, nimepiga kwa rula
kama karani wa mahakama ya mwanzo.

Jumatatu: uji wa shayiri, maziwa yaliyotolewa mafuta,
yaani maji yaliyovaa kanzu.
Mchana kuku, kidari, bila ngozi.
Ngozi! Ile tuliyoigombea mimi na Biubwa
mpaka mama atukate jicho.

Matundu manne tumboni, madogo kama vifungo vya shati.
Daktari, kijana mwenye soksi za njano,
alinionyesha picha: vijiwe kumi na saba,
rangi ya korosho zilizoungua.
"Ini litaendelea kutoa nyongo," alisema,
"ila ghala halipo tena. Itadondoka kidogo kidogo,
mchana na usiku. Nawe ule hivyohivyo."

Kwetu mtu mwema husifiwa: hana nyongo.
Basi mimi nimethibitishwa, nina barua yenye muhuri.
Mbona usiku wa tatu, nikigeukia ubavu wa kushoto,
nilimkumbuka dadangu
na mdomo ukawa mchungu vilevile?

Jumanne: viazi vya kuchemsha, karoti, samaki wa mvuke.
Nje, Hull inanyesha mvua isiyoanza wala kuisha.
Shakwe wamejipanga juu ya paa la duka la chipsi,
wanakula kwa niaba yangu.
Doreen wa mlango wa pili amegonga na bakuli la supu
lililofungwa taulo. Ameengua mafuta kwa kijiko,
halielei hata jicho moja.
Mumewe naye alitolewa yake, zamani,
enzi za kupasuliwa kama papa.
"Siagi usiiharakie," akaniambia,
kwa sauti ya mtu anayeonya kuhusu wanaume.

Jumatano nilikosea.
Shemsa alileta sambusa za nyama, moto, kwenye gazeti,
nikala mbili nimesimama,
mwizi katika jiko langu mwenyewe.
Yaliyofuata yanajulikana na choo.
Nimeandika kwa wino mwekundu: SAMBUSA HAPANA.
Chini yake, kwa penseli: bado.

Alhamisi sijaijaza.

Juu ya jiko, mbuzi ya mama imekunja miguu.
Niliivusha sandukuni, nimeivika sweta;
afisa wa uwanja wa ndege akayashika meno yake,
akauliza hiki ni chombo cha kumuumizia nani.
Biubwa aliitaka. Nikasema mama kanipa mimi.
Mama hakumpa mtu.
Alianguka Alhamisi, kifuu mkononi,
nazi nusu haijakunwa.
Miaka sita sasa, mimi na dadangu
twaongea ya misiba na ya pesa.

Ijumaa: wali. Nimefuta. Nimeandika tena:
wali, kikombe kimoja, tui.
Karatasi ya hospitali imeiweka nazi upande wa wabaya,
baina ya soseji na keki,
lakini karatasi haijui kwamba nazi hukamuliwa mara tatu.
Kasimile kwanza, zito, la wageni.
Kisha la pili.
Kisha lile la mwisho, maji yanayokumbuka tu
kwamba hapa paliwahi kuwa na nazi.
Hilo. Vijiko vinne. Tuone.

Na kasimile nimpe nani?
Biubwa ndiye aliyekuwa akilinywa
mama akigeuza mgongo,
halafu ananipangusa mimi mdomo
ili nionekane mwizi.

Jumamosi ndizi za kuchemsha. Jumapili sijui.
Kwake Tanga saa hizi wameshafunga milango,
lakini yeye hulala akiwa wa mwisho, siku zote.
Nitamuuliza tu chumvi ya wali wa tui jepesi
hutiwa kabla ya mchele au baada.
Ni swali la mapishi. Asidhani ni jingine.

Nimeiandika namba yake kwenye safu ya Alhamisi,
pale pa chakula cha jioni,
na pembeni: kidogo kidogo.