Mstari wa Buluu

Bibi Bohumila hakuanza kwa penseli.
Alisema ukuta una masikio na macho pia,
ukiuonyesha woga utakucheka.
Alichovya brashi, akavuta pumzi, akaenda:
tulipu, komamanga, ndege asiye na jina,
mlango hadi mlango, kwa ile buluu
iliyoganda kuchani mwake hata siku ya ubatizo wangu.

Kijiji chetu cha Moravia kina nyumba sitini na mbili.
Zote zilipita mkononi mwake.
Mcheza kwao hutunzwa; yeye alitunzwa kwa mayai.
Nyumba ya Otilka, waliyenuniana miaka kumi na mmoja
kwa ajili ya bata mzinga,
aliichora usiku wa kuamkia Pasaka, kwa taa ya baiskeli.
Asubuhi Otilka akatoka, akatazama, akarudi ndani,
akatoka tena na chupa ya pombe ya plamu.
Hawakusemezana. Walikunywa.

Mwaka wa mafuriko, mto ulipoingia kanisani
bila kupiga hodi,
alikaa wiki tatu katika kituo cha zimamoto
akikoroga supu ya kabichi kwa mwiko wa chokaa.
(Nimeuosha! alisema. Mara mbili!)
Maji yaliporudi yalikotoka, wengine walisugua kuta
ili wasahau. Yeye alipita na ngazi,
akavuta mstari pale maji yalipofika,
na juu ya mstari samaki mmoja mdogo, anatabasamu.
"Adui mpe sura," alisema, "akirudi umtambue."

Hakuwa malaika, jamani.
Aliiba kwenye karata.
Alimwita padri "kijana" mbele ya askofu.
Siku moja alinizaba kofi kwa kumwaga rangi,
kisha akalia kunishinda.

Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka
alihamia wa kushoto, kama mtu anayehamia chumba cha pili
kwa sababu paa la kwanza linavuja.
Tulipu zake zikainama upande mmoja,
zikipigwa na upepo ambao sisi hatukuusikia.
Tulisema ni uzee. Sasa ndizo ninazozifuata
nikitembea kijijini, moja baada ya nyingine.

Tulimzika Februari, ardhi ngumu kama chuma.
Radovan wa zimamoto alileta mashine ya kuvunjia lami.
Jeneza lilikuwa jeupe, tupu. Nani angethubutu?
Ndipo Otilka, miaka themanini na minane,
akatoa brashi mfukoni mwa koti
akachora bata mzinga. Mbaya. Mwenye miguu mitatu.
Tukacheka pale pale kaburini,
machozi yakitugandia mashavuni.

Leo ni Mei. Nimeshika kopo lako.
Samaki wa ukutani kwetu amefifia, limebaki tabasamu.
Ukuta umenyamaza, unasikiliza.
Penseli ninayo mfukoni, Bibi.
Usiniulize.