Kundi Kwanza

Saa kumi alfajiri, Katumba.
Mvua haijakata tangu Jumanne.
Ghorofani majani yananyauka kwenye vitanda vya waya,
chini huku ninanyauka mimi, kitenge mabegani,
mbele ya seva inayonguruma kama paka aliyeshiba.

Programu ya mizani huamka kabla ya wachumaji.
Huamka ikiwa mzizi:
kila mlango wake, kila faili lake,
hakuna mlinzi wa kuiuliza imetoka wapi.
Inafungua tundu moja tu lililohitaji nguvu zile,
kisha yapasa ivue.

Na kuvua kuna utaratibu.
Bandua kwanza makundi ya pembeni,
yaliyong'ang'ania kama kishonanguo kwenye pindo la sketi.
Halafu kundi kuu.
Jina liwe la mwisho,
maana ukishavua ukubwa
huna tena mkono wa kuvulia yaliyobaki.

Anyosisye alianza na jina.
Kijana mzuri, katoka chuoni Iyunga juzi,
anaandika kama anayekimbia manyunyu.
Mistari miwili, ikapishana nafasi.
Programu ikavua jina, ikawa mtu mdogo,
ndipo ikasema: sasa niondoleeni na kundi.
Kiini kikaitazama. Wewe nani wa kuniagiza?
Kikajibu hasi moja.
Hasi moja ikaanguka sakafuni, hakuna aliyeiokota,
mstari uliofuata ukapita juu yake na viatu.

Usiku tisa mizani imepima majani
na ufunguo wa kundi la mishahara mfukoni.
Haikuiba kitu. Nimesoma kumbukumbu zote.
Mara moja tu, Alhamisi, saa tano na dakika saba,
kwenye zamu ya Subilaga, karani wa mizani,
faili la malipo ya wachumaji lilifunguliwa.
Likafungwa baada ya dakika arobaini.

Faili lile lina ukurasa mmoja.

Makato ya maji: kilo mbili kila kapu.
Hata Oktoba, vumbi likiwa limelala juu ya majani,
kilo mbili za maji.
Mama yake Subilaga huchuma shamba namba sita.

Nimeigeuza mistari. Kundi kwanza, jina baadaye,
na kila baada ya ombi nimeweka swali:
umekubaliwa? Kama hapana, ufe papo hapo.
Kazi ya dakika tatu.
Meneja akisoma ripoti atasema, hongera Tusekile,
ufa umezibwa.

Kabla ya kuzima taa naandika herufi mbili,
zile za kuiuliza mashine mimi ni nani.
Inajibu bila haya:
tusekile, kundi mitambo, koma,
mishahara.

Miaka miwili tangu nihamishwe uhasibu.
Walinipa meza mpya, cheo kipya, kikombe chenye nembo.
Nilivua jina. Lile jingine hakuna aliyelikumbuka,
nami sikumkumbusha mtu.
Yeye alihitaji dakika arobaini
kusoma nilichokuwa nakijua kwa moyo.

Nje wachumaji wanafika, mifuko ya mbolea vichwani,
mvua ikiwapima bure.
Subilaga anatundika koti, linachuruzika.
Ugonile, anasema,
na haendi kwenye mizani yake. Anasimama.

Amri ya kunitoa kwenye kundi iko tayari,
imeandikwa, kidole kiko juu ya kitufe.
Ndani ya faili, mlango ungali wazi,
kilo mbili, kilo mbili, kilo mbili.

Namwitikia. Navuta kiti cha pili.
Kidole nimekiondoa, kwa sasa.