Kijiko cha Chai

Miaka kumi na minne nimepima watu kwa upawa
pale Mwaloni, Kirumba, nyuma ya mizani ya sangara:
mchukuzi, upawa mmoja na nusu;
mvuvi aliyekesha, miwili, na ukoko juu.
Mimi mwenye sufuria sikuwahi kujipimia.
Nilionja tu. Kuonja kwangu kulijaza sahani.

Sasa tumbo langu ni kikombe cha kahawa.
Daktari alilichora kwenye karatasi, akalikata kwa kalamu,
akauliza kama nimeelewa.
Nilielewa alipolikata kweli.

Wiki ya kwanza maji, funda kwa funda.
Ya pili supu ya sato iliyochujwa kwa kitambaa cheupe.
Ya tatu Kokugonza wa lishe akanipigia simu:
"Laini, mama. Laini kama maneno ya mkwe mgeni.
Na protini kwanza. Ukishiba kabla yake,
umekula bure."
Nikataka kucheka, mshono ukakataa.

Basi nikawa mama lishe wa mtu mmoja.
Yai moja, nililivuruga na maziwa, moto mdogo,
likatoka bado linatetemeka.
Choroko zililala majini, zikachemka
mpaka zikasahau maganda yao.
Mtindi mzito, ule unaogoma kumwagika.
Mnofu wa sangara kwa mvuke, nikauchambua
kwa vidole mara tatu,
maana mwiba haujui kwamba nimepasuliwa.
Na ugali? Ugali niliusonga, nikawakabidhi wenyewe.
Mkono ulininukia udaga mpaka usiku.

Kijiko. Weka chini. Subiri.
Tafuna hata kisicho na cha kutafunwa.
Kijiko. Subiri.
Cha tano kikipita, mlango unafungwa.
Siku moja nikabishana nao, kwa mazoea:
nikala cha sita.
Nikakimbilia nje, nikaliegemea lile jiwe
lililobeba nyumba yetu hapa Mabatini,
likanishika bila kuuliza nimekula nini.

Mama mkwe akaja kutoka Magu, Nkwimba,
jogoo kwapani, mfuko wa michembe kichwani.
Akalitazama bakuli langu, akamtazama mwanawe.
"Huyu mnamlisha au mnamwonjesha?"
Michembe ilikuwa migumu kama vigae.
Niliigusa, nikashukuru, nikairudisha mfukoni,
na jioni nzima hakuna aliyesema neno.

Usiku nikasikia kinu.
Dagaa: alishawakata vichwa, akawakaanga bila mafuta,
sasa anawatwanga, anawachekecha,
anarudisha chenga kinuni, anatwanga tena.
Alikuwa kama anayewadai.
"Nimeachisha ziwa watoto saba," alisema, hakugeuka,
"wa nane hatanishinda."
Unga ule akaukorogea kwenye boga lililopondwa,
akaketi mbele yangu, akashika kijiko yeye,
akahesabu kwa Kisukuma, polepole,
na alipofika cha tano akajizuia.
Niliuona mkono wake ukitaka cha sita.
Akakila mwenyewe.

Kuhusu jogoo, alisema atasubiri.
Anawika kila alfajiri juu ya jiwe, hajui anasubiri nini.

Mwezi wa tatu nimerudi Mwaloni.
Korongo ni walewale, wamesimama kama wadeni.
Lushinge mchukuzi kaweka gunia chini, kanizunguka:
"Mama, unaumwa, au umepata pesa?"
Nikampakulia upawa mmoja na nusu.
Akameza matonge mawili, akakunja uso.
"Chumvi imezidi leo."
Kweli. Siku hizi naonja kwa kijiko cha chai,
na kijiko bado hakijaujua ukubwa wa sufuria.
Lakini alimaliza, akaikomba sahani kwa kidole,
na mimi nilimtazama mpaka mwisho
kama abiria aliyeshuka anavyoitazama meli
ikiondoka bandarini na taa zake zote.

Kisha simu ikalia kunikumbusha.
Nikafungua kopo. Mtindi.
Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikaanza cha kwanza.