Namba Arobaini na Mbili

Mwezi wa tano natazama mstari wa bluu
ukijipinda kwenye skrini,
ghorofa ya tatu, Tartu, nje theluji chafu.
Katika maji ya chumvi kihisi changu hakikosei:
kidoa cha dhahabu, kidogo kuliko punje ya dengu,
na juu yake kingamwili zimesimama wima
zikingoja mgeni mmoja tu,
protini ambayo ini huituma
mwili unaposhika moto mahali.
Ikinaswa, huziba mlango;
elektroni hurundikana kizingitini, mkondo hufifia.
Kule kufifia ndiyo habari yenyewe.

Lakini damu si maji ya chumvi.
Damu ni soko la Jumamosi.
Kila mpita njia huegemea dhahabu yangu,
asiyealikwa hukalia kiti cha mwalikwa,
na Tiidrik, msimamizi, hupandisha miwani:
"Anza upya, Külli."
Nimeanza upya mara arobaini na moja.

Mama anakaa Supilinn, mtaa wa Viazi
(ndivyo uitwavyo, sikutunga),
nyumba ya mbao, jiko la kuni.
Kimlacho ki nguoni mwake, tena ndani zaidi ya nguo:
askari wa mwili wake wanabomoa vifundo vya vidole
wakidhani ni ngome ya adui.
Ukimwuliza: "Leo afadhali."
Ilikuwa afadhali Novemba.
Ilikuwa afadhali mwaka juzi.

Jumapili nikampelekea cha arobaini na mbili,
nimekiviringisha ndani ya soksi kisipigwe na baridi.
Akatoa kidole cha pete, kile kilichogoma kunyooka.
Tone moja. Dakika kumi na mbili.
Chai ikapoa.
Mstari ukateremka, ukateremka, msafi, hauna mtetemo,
nami, Mungu anisamehe, nikapiga meza kwa furaha
kabla sijasoma ulichokuwa ukisema.

Sitini na mbili.

Mama akaitazama namba
kama mtu aliyeletewa bili ya jirani.
"Chombo chako kina umbea, Külli."

Ndipo nikaona kamba kwenye kitasa,
avute mlango kwa kiwiko.
Kuni zilizopasuliwa na mkono wa mtu mwingine.
Kikapuni, glavu ya sufu isiyo na kidole gumba,
sindano bado zimechomekwa, tangu Novemba.
Vyote vilikuwepo. Havikudai dhahabu.

Daftarini niliandika: 42, damu halisi, mstari safi.
Safu ya maoni nikaiacha.
Jiko lilikuwa linataka kuni.