Jina la Mgonjwa

Ikipita saa nne usiku kliniki zote za mtaa hufunga,
sisi ndio tunaobaki na taa hapa Riga.
Kengele yetu ina kikohozi. Naijua
kama mama ajuavyo kilio cha wa kwake.

Leo amekuja mbwa aliyekula keki ya zabibu kavu, nzima, na karatasi yake.
Tumemtapisha; akaniangalia kama ninamdai.
Amekuja sungura ndani ya kofia ya sufu,
mvulana kaishika kwa mikono miwili, kama bakuli la supu.
Sungura alikuwa amekwisha kufa njiani.
Nilimpisha kwenye kiti changu. Sikuwa na lingine la kumpa.

Saa tisa kasorobo, baridi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
akaingia mzee na begi la sokoni,
zipu imeachwa wazi kiasi cha pua.
"Hakojoi. Tangu jana anaingia kwenye mchanga wake,
anachuchumaa, analia, anatoka mkavu."
Daktari Vizma aligusa tumbo mara moja tu:
kibofu kigumu kama chungwa bichi.
Paka dume akizibwa mkojo hangoji asubuhi,
sumu humrudia kwenye damu, moyo ukapoteza hesabu.
Wakapita mlango wa ndani mbio.
Mzee akabaki na begi, mimi nikabaki na fomu.

Jina la mwenye mnyama? Ilgvars.
Dereva wa tramu, mstaafu. (Fomu haiulizi kazi.)
Umri wa mnyama? Tisa. Labda kumi na moja.
Jina la mnyama?

Friji ya chanjo ilinguruma, ikanyamaza.
"Ni wa mke wangu," akasema. "Alikuwa wa mke wangu.
Mimi namwita wewe. Wewe, shuka. Wewe, kula.
Tangu Machi tunaishi hivyo, wewe na wewe."
Nikamwambia tunaweza kuandika Paka, wengi huandika.
Akatikisa kichwa. Akatoa simu,
akaisogeza mbali na macho, akaibonyeza kwa kidole gumba
kama mtu anayefungua kopo lenye kutu.

Binti yuko Ayalandi, anafungasha uyoga kiwandani.
Aliitika mlio wa kwanza.
"Baba, nani amekufa?"
"Hakuna. Bado. Yule paka wa mama yako anaitwaje?"

Sikukusudia kusikiliza, chumba ni kidogo.
Nilisikia kicheko, halafu si kicheko tena,
halafu mtu anapenga kamasi, mbali sana.
"Tramu," mzee akaniambia. "Andika Tramu.
Kwa sababu ya mngurumo wake."

Akakaa, kofia magotini.
"Miaka yote ile, nikirudi kutoka zamu, nikivua viatu mlangoni,
namsikia jikoni: Tramu amefika. Tramu ana njaa.
Nilidhani ananisema mimi."
Akaitazama kofia.
"Nilikuwa naitika."

Bei ya usiku ni mara mbili ya mchana;
hili hulisema nikiitazama kalamu.
Akatoa bahasha iliyoandikwa *Kuni*,
akahesabu, akahesabu tena, akabakiwa na sarafu tatu,
akazirudisha ndani ya bahasha kwa heshima.

Saa kumi na nusu Vizma alitoka, glavu bado mkononi,
nywele zimemganda kwenye paji la uso.
"Mrija umepita. Unatoka."
Akatuita tuone: mfuko wa plastiki chini ya meza,
na mkojo wa rangi ya waridi ukidondoka,
tone, tone, kisha mfululizo.
Watu wazima watatu tumeinamia mkojo wa paka,
hakuna aliyeona haya.

Ndani ya mfuko wa koti sauti ndogo ikaita, Baba? Baba?
Hakuna aliyekuwa amekumbuka kukata simu.
"Amekojoa," mzee akaliambia koti lake,
kwa sauti ya mtu anayetangaza kituo.
"Sanda, unanisikia? Tramu amekojoa!"

Jibu la binti sikulipata.
Mlangoni kengele ilikuwa ikikohoa.