Macho ya Wavu

Kule Kayenze mama yangu alikamatwa mara moja
kwa wavu wenye macho madogo.
Ofisa alitoa rula mfukoni, akapima jicho kwa jicho,
akauchoma palepale mchangani. Moshi wa nailoni
ulitukaa kooni wiki nzima.

Leo mimi nalipwa kwa kosa lilelile.

Karakana ya Igogo, ghorofa ya juu, feni inakoroma.
Kwenye kioo, mkono wa bawaba ya mlango wa kivuko,
bamba la chuma lililokunjwa pembe kama kiwiko.
Nimelivika wavu: macho ya milimita ishirini.
Nikapakia malori, ng'ombe, magunia ya dagaa,
na watu wanaosimama mlangoni kabla hatujagusa gati
(watasimama tu, hata ukibandika bango).
Nikabonyeza. Nikanywa chai.
Mkazo kwenye pembe: mia mbili na kumi na moja.
Mpaka tuliojiwekea: mia mbili thelathini.

"Imepita," akasema Mhandisi Majura,
kofia tayari mkononi. "Chapa, tugonge muhuri."

Lakini jibu moja ni shahidi mmoja.
Nikaligawa kila jicho.
Milimita kumi: mia mbili themanini na tisa.

Kofia ikarudi mezani.
"Basi tumia ule wavu wa kwanza. Ule ulikuwa na adabu."

Adabu unayo, wavu wa macho makubwa:
dagaa wote wanapita katikati yake
nawe unarudi nyumbani ukiapa kwamba ziwa ni tupu.

Tano: mia tatu tisini na sita.
Mbili na nusu: mia tano arobaini na mbili.
Umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta ikanuka joto.
Kila nilipoikaribia namba ilipanda,
kama mtoto mtundu juu ya majabali ya Mabatini,
anakuchungulia, anacheka, anaparamia jingine.

Na cha ajabu, mbali na pembe, katikati ya bamba,
namba zilikuwa zimelala zamani.
Ncha ya mkono ilishuka milimita tatu nukta moja
katika kila wavu, tatu nukta moja, tatu nukta moja,
kama mtu anayerudia jina lake polisi.
Ni pembe tu iliyosema uongo.
Au mimi. Nilikuwa nimeichora kali kabisa,
mistari miwili inakutana bila upana wa unywele,
na mahali kama hapo mkazo hauna dari:
gawa macho hadi ziwa likauke,
utakuwa unapima kalamu yako, si chuma.

Nikashuka ngazi.
Bwire alikuwa ameegemea ukuta, anakula muhogo.
Nikamwonyesha pembe kwenye karatasi. Akacheka hadi akapaliwa.
"Nani anakata hivyo? Kitachanika kama khanga!
Mimi hutoboa tundu kwanza, la thelathini,
ndipo nakata kwenda kulikuta."
Akanishika kidole gumba, akakipitisha pale:
mviringo, laini, chuma bado kina vuguvugu.

Nusu ya thelathini ni kumi na tano.
Nikapanda, nikaichora pembe kama alivyoikata.

Ishirini: mia arobaini na nane.
Kumi: mia sabini na nane.
Tano: mia themanini na sita.
Mbili na nusu: mia themanini na nane.

Thelathini, nane, mbili.
Hatua za mtu anayesogelea kitanda
cha mtoto aliyelala.
Hapo nikaacha kugawa.

Kwenye ripoti nimeziacha namba zote, hata zile nne zilizokimbia,
na jina la Bwire, ambaye mchoro haukumjua.
Majura aligonga muhuri bila kusoma ukurasa huo.

Usiku mama akapiga simu. Umeshindaje?
"Nilikuwa nasuka wavu."
"Macho?"
"Milimita mbili na nusu."
Akanyamaza. Nikasikia redio yake, na chura wa Kayenze.
"Mwanangu," akasema, "watakukamata."